Senta mfupi: namna ya kumtumia bila kuliwa chini ya kikapu

Makocha wa vijana wa mpira wa kikapu hapa Malindi wananijia na lalamiko moja. Wamemtoa mrefu wao, wamemweka kijana mfupi mwenye nguvu acheze senta, yaani nafasi ya chini ya kikapu inayozoeleka kuwa ya mrefu, na robo ya kwanza haijaisha wameshaachwa mbali, mabao yote yanafungwa chini ya kikapu. Wanarudi wakisema senta mfupi ni mambo ya kwenye televisheni tu.

Nimekwenda kuwatazama wakicheza. Kosa ni lile lile kila nikienda: wamebadilisha mtu, mchezo wameuacha vile vile. Wanne waliobaki wanasimama pale pale walipozoea, na mfupi anaachiwa kazi ya mrefu aifanye na mwili wake mfupi. Hapo hata angekuwa simba hatoki.

Jibu langu kwa swali lenyewe, kama senta mfupi afaa kutumiwa, ni hili: ndiyo, mtumie, lakini kwa dakika ulizozichagua, na baada ya kuwafundisha wote watano upya. Tenga wiki 3, siku 3 kila wiki. Ukiwa na mechi Jumamosi hii, usijaribu.

Neno moja la kuelewana. Nikisema "ndani ya rangi" namaanisha ule mstatili ulio chini ya kikapu, wenye upana wa mita 4.90 na urefu wa mita 5.80 kutoka mstari wa mwisho. Viwanja vyetu vingi vya saruji rangi imeshafutika na jua. Uchore kwa chaki, maana kazi yote ya mwongozo huu inapimwa hapo.

## Vitu vya kuwa navyo

- Wachezaji 10, au 8 kwa uchache. Watano hawatoshi, kwa sababu senta mfupi hufundishwa kwa kugombana na mtu.
- Mipira 3 ya saizi 7 kwa wanaume au saizi 6 kwa wanawake, na pampu. Mpira uliolegea hauruki sawa kwenye ringi, na utakufundishia ribaundi (kuudaka mpira uliokosa kuingia) ya uongo.
- Chaki nyingi na futi ya fundi.
- Saa yenye kuhesabu sekunde.
- Daftari, na mtu mmoja wa kuandika ambaye hachezi.
- Mrefu wa kufanyia mazoezi. Kama huna, mwombe mtu mzima mwenye kimo aje jioni mbili kwa wiki. Bila yeye unatwanga maji kwenye kinu.

## Hatua ya 1: Mpime kabla ya kumchagua

Usimchague kwa kimo, wala kwa unene. Mara ya kwanza mimi nilimchukua mwenye mabega mapana kuliko wote, nikadhani nimepata. Alikuwa na nguvu ya kusukuma, lakini akisharuka mara moja alihitaji kupumua ndipo aruke tena. Mpira ukigonga ringi mara mbili, yeye alikuwa bado chini.

Pima vitu vitatu.

Mfiko. Asimame ameegemea ukuta, nyayo chini, anyooshe mkono mmoja juu akiwa na chaki aweke alama. Kijana wa mita 1.83 mwenye mikono mirefu aweza kumpita kwa mfiko mwenzake wa mita 1.88. Draymond Green wa Golden State Warriors ana kimo cha mita 1.98, ambacho kwa senta wa ligi ya Marekani ni kifupi, lakini mikono yake ikinyooshwa kutoka ncha hadi ncha inapita mita 2.10. Anakutana na warefu kwa mikono hiyo.

Mruko wa tatu. Mpe chaki, aruke mara tatu mfululizo papo kwa papo, kila mruko aache alama ukutani. Usiutazame wa kwanza. Tazama umbali kati ya alama ya kwanza na ya tatu. Tofauti ikiwa ndogo kuliko upana wa kiganja, umepata mtu. Ikizidi hapo, huyo atakuwa senta kwa dakika mbili, kisha atakuwa mtazamaji.

Sauti. Mweke chini ya kikapu awapange wenzake wanne kwa maneno tu, bila kugusa mpira. Senta ndiye anayeuona uwanja wote kutoka nyuma. Asiyesema hafai hata akiwa na mikono ya pweza. Hiki ndicho kipimo makocha wengi hukiruka, na ndicho ninachokiangalia kabla ya vyote.

*Dalili kwamba umefaulu:* unalo jina moja, na la pili la akiba. Sio matatu.

## Hatua ya 2: Apigane kabla mpira haujafika

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, kwa hiyo usiwe na haraka napo.

Mrefu akishaupokea mpira akiwa mita moja na nusu kutoka ringi, mfupi ameshashindwa. Ringi iko mita 3.05 juu, na mrefu anageuka tu na kuweka. Hakuna ufundi wa kuzuia hapo. Kwa hiyo ufundi wote uwe kabla ya kupokea.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Sisi hatumpishi, tunamtangulia.

Chora mstari wa chaki kila upande wa rangi, hatua moja kamili nje ya mstari wa pembeni. Mrefu anakuja kukaa ndani, mfupi kazi yake ni moja: mpira ukifika, visigino vya mrefu viwe nje ya chaki yako. Anafanya hivi kwa kumkuta njiani, kifua kwa bega, magoti yamekunjwa, kiuno chake kikiwa chini ya kiuno cha mrefu. Aliye chini ndiye anayemsogeza mwenzake. Anayesimama wima anasogezwa.

Jioni moja baada ya swala ya alasiri nilikuwa na kijana wa mita 1.80 hivi, akimkabili mtu mzima aliyempita kichwa kizima. Akanijia na jasho linamtiririka: "Kocha, huyu ntamuwezaje? Hata mabega yake siyafikii." Nikamwambia, "Usimngoje akufikie, mwanangu. Mfikie wewe kwanza, pale anapotaka kukanyaga." Mara mbili alichelewa, akafungwa. Mara ya tatu aliwahi. Yule mtu mzima akajikuta anaupokea mpira akiwa na unga wa chaki kwenye soli, kikapu kiko mbali, akabaki anatafuta wa kumrudishia. Kijana hakuruka hata kidogo. Nilisimamisha mazoezi nikawaonyesha wote ile alama ya kiatu.

Njia ya pili ni kumkaa mbele kabisa, mgongo wako kwenye kifua chake, mikono juu, ili pasi ya moja kwa moja isipite. Hapo adui atajaribu pasi ya juu, ya kukuruka kichwa. Ndiyo maana wa upande usio na mpira lazima awe ameshaingiza mguu mmoja ndani ya rangi, tayari kuikamata. Huku kwetu tunao msaidizi mwingine: upepo. Kusi likivuma kupita uwanjani, pasi ya juu inayumba. Fika mapema siku ya mechi, rusha mpira juu mara kumi kila upande, ujue unapelekwa wapi. Upande ambao upepo unaitoa pasi nje, mkae mbele bila hofu. Upande ambao unaiingiza kwenye kikapu, mkae ubavuni.

Na wa tatu katika kazi hii ni yule anayemkaba mpiga pasi. Akimkaba kwa karibu, umbali usiozidi mita moja, mwenye mpira mkononi ana sekunde 5 tu za kupiga pasi, kurusha au kudunda. Mrefu naye haruhusiwi kukaa ndani ya rangi zaidi ya sekunde 3 timu yake ikiwa na mpira mbele. Sheria hizo mbili zikibana pamoja, pasi nyingi hazifiki. Mpiga pasi akiachwa peke yake avute pumzi na kutazama, senta wako mfupi atalaumiwa bure.

Tahadhari. Goti mgongoni mwa mtu ni faulo. Mkono ulionyooshwa kumsukuma ni faulo. Akishapokea mpira ndani, mfupi aruke wima, mikono juu kama nguzo, asiishushe. Faulo 5 zinamtoa mtu mchezoni, na mfupi anayepiga mikono humaliza zake kabla ya mapumziko.

*Dalili kwamba umefaulu:* katika mazoezi ya mashambulizi 10, mrefu anapokea nje ya chaki zaidi ya mara anazopokea ndani. Ukifika hapo nenda mbele. Hujafika, rudia siku nyingine nzima.

## Hatua ya 3: Ribaundi iwe kazi ya watano

Senta mfupi hafukuzii mpira. Liandike hilo ubaoni, lirudie mpaka walikariri.

Mpira ukirushwa, yeye anamtafuta mtu mkubwa kuliko wote, anampa mgongo, anamkalia mapajani na kumzuia asisogee. Basi. Wenzake wanne ndio wanaoingia kuuchukua mpira. Makocha wanaoshindwa hatua hii ni wale ambao wa nje wao wanatimua mbio kwenda mbele pindi mpira unaporushwa, wakitumai pasi ndefu.

Zoezi: chora duara la chaki lenye kipenyo cha mita 3, weka mpira katikati chini. Watano ndani wakilipa duara mgongo, watano nje. Ukipiga filimbi walio nje wanajaribu kuufikia mpira, walio ndani wanawazuia kwa migongo na miguu tu. Hesabu sekunde 5. Mpira ukiguswa, wanarudia. Wataona sekunde 5 zilivyo ndefu. Mapaja yatawawaka, na ndivyo inavyotakiwa.

Kisha hamia kwenye kikapu. Rusha kutoka mbali kwa makusudi ukose. Mrusho wa mbali mara nyingi huruka mbali, na ribaundi ya aina hiyo ni ya wa nje, si ya senta. Ribaundi nyingi hushikwa chini ya kimo cha ringi, na aliyewahi mahali humshinda aliyeruka. Charles Barkley, mwenye kimo kilichoandikwa mita 1.98, aliongoza ligi ya Marekani kwa ribaundi msimu wa 1986–87, wastani wa 14.6 kwa mechi, katikati ya watu waliompita kimo. Makalio na wakati, hivyo ndivyo vilivyomfikisha.

Mwandishi wako wa daftari asihesabu ribaundi zote. Ahesabu kitu kimoja: alama ambazo adui amefunga baada ya kukosa na kuuokota mpira tena. Akiuokota, saa yake ya mashambulizi inarudishwa kwenye sekunde 14, hazifiki 24 za shambulizi jipya, kwa hiyo hata mkikosa ribaundi bado mnaweza kumbana. Wafundishe wasilie. Wageuke, wakabe.

*Dalili kwamba umefaulu:* mpira unaporushwa, kwa mshangao, unaona migongo mitano mbele ya watu watano, na hakuna anayetazama angani.

## Hatua ya 4: Kubadilishana watu

Hii ndiyo faida yenyewe inayokufanya utafute senta mfupi. Mrefu mzito akiletewa skrini (mshambuliaji anaposimama njiani kumziba mkabaji) hawezi kumfuata mchezeshaji mwepesi nje, anabaki nyuma na kuacha mlango wazi. Mfupi mwenye miguu anaweza. Kwa hiyo skrini ikija mnabadilishana tu, kila mmoja anamchukua aliye mbele yake, na shambulizi lao linakwama.

Sauti itoke kabla skrini haijagusa mtu. Chagueni neno lenu moja fupi. Sisi tunasema "Badili!" na anayelisema ni wa nyuma, siku zote.

Tatizo litakalokuja mnalijua: mfupi wenu wa nje sasa ameachiwa lile jitu chini ya kikapu. Dawa yake ni badiliko la pili, nyuma ya mchezo, mpira ukiwa bado hewani au upande mwingine. Mwenye kimo zaidi aliye karibu anaita "Hama!", anamchukua mkubwa, na yule mdogo anatoka mbio kwenda kwa mtu aliyeachwa. Ifanyeni polepole kwanza, mkitembea, bila mpira. Kisha kwa kasi. Nimeona timu zikijifunza "Badili" kwa siku moja na zikahitaji wiki nzima kuipata "Hama".

## Hatua ya 5: Mtoe mkubwa nje, kisha mkimbize

Vijana wetu hutazama mechi za Marekani na kudhani mrefu wa adui atatoka tu mwenyewe. Kule kuna sheria inayomkataza mkabaji kukaa ndani ya rangi zaidi ya sekunde 3 kama hamkabi mtu kwa karibu. Sheria za kimataifa tunazochezea sisi hazina katazo hilo. Mrefu wa Mombasa akiamua kujipanda chini ya kikapu mchezo mzima, ni halali yake. Inabidi umpe sababu ya kutoka.

Sababu ya kwanza ni mrusho. Senta wako mfupi akiweza kufunga kutoka nje ya mstari wa mita 6.75, mrefu atatoka au mtafunga. Wengi wetu hatuna kijana wa hivyo, na sioni aibu kulisema. Basi mfundishe mrusho wa kwenye mstari wa mitupo huru, mita 4.60 kutoka kwenye ubao, mirusho 50 kila siku ya mazoezi, asimame pale pale mpaka miguu ijue. Upepo hauuathiri sana mrusho wa hapo kama ule wa mbali.

Kama hata huo hana, mfanye awe kituo. Anaupokea mpira juu ya rangi, wenzake wanapita ubavuni mwake mmoja mmoja wakichukua mpira mkononi kwake, na yeye anageuka kuwa ukuta kwa mkabaji anayewafuata. Mrefu akibaki ndani, anayepokea anarusha bila mtu mbele. Mrefu akitoka, njia ya leyapu, kuingia mbio na kuweka mpira karibu na kikapu, imefunguka.

Sababu ya pili ni mbio. Kila mkipata mpira, senta mfupi atimue mita 28 zote za uwanja, apewe pasi asipewe. Jua la saa tisa alasiri la Malindi halimhurumii mtu wa kilo 100. Robo ya kwanza mrefu atamfuata. Robo ya tatu utamwona ameshika kiuno katikati ya uwanja wenzake wakikaba wanne. Hapo ndipo ulipokuwa ukimpeleka tangu mwanzo.

Tahadhari. Mbio hizo zinamla na wa kwako. Maji kila mapumziko, hata akisema hana kiu. Mwezi wa Ramadhani mazoezi ya kugongana na mbio hizi yafanywe usiku baada ya tarawehe, mchana hapana. Mchana wa mfungo fanya kutembea na maneno tu: "Badili" na "Hama".

## Hatua ya 6: Panga dakika zake

Mechi ina robo 4 za dakika 10. Kwa timu inayoanza, mpe senta mfupi dakika 4 za mwisho za robo ya kwanza na dakika 5 za robo ya tatu. Zote kwa mfululizo, ili wenzake wazoee mpango mmoja. Zikienda vizuri mwongeze za mwisho wa mechi.

Usiige mkumbo. Mwaka 2015 Warriors walipokuwa nyuma 2–1 kwenye fainali dhidi ya Cleveland, walimtoa Andrew Bogut mwenye mita 2.13 kwenye kikosi cha kuanza, wakamwingiza Andre Iguodala na kumweka Green katikati. Walishinda mechi tatu mfululizo na ubingwa. Mwaka 2020 Houston Rockets walimuuza senta wao mrefu, Clint Capela, wakacheza na P. J. Tucker wa mita 1.96 kama senta. Raundi ya pili Los Angeles Lakers wakawatoa 4–1. Wa kwanza walikuwa na mrefu benchi wa kumrudia. Wa pili walikuwa wamejifungia mlango.

Kwa hiyo mrefu wako mtunze, na naomba hili ulichukulie kwa uzito. Kijana aliyeitwa "mrefu" tangu darasa la tano akiketishwa kwa ajili ya mfupi, anaumia. Nimewahi kumpoteza mmoja kwa sababu sikumwambia neno, nilimtoa tu. Siku iliyofuata hakuja, na hakurudi tena. Kaa naye pembeni kabla ya mechi, mwambie ataingia dakika gani na kwa nini. Akiwa benchi mpe daftari kwa dakika mbili, aone mwenyewe mpira unapookotwa.

## Hatua ya 7: Ujue wakati wa kumtoa

Usingoje mpaka mmeshaachwa mbali. Mtoe ukiona mojawapo ya haya:

Ana faulo 2 kabla robo ya kwanza haijaisha.

Timu ina faulo 4 kwenye robo. Kuanzia ya tano kila faulo kwenye ukabaji inawapa adui mitupo huru 2, na ukabaji wa mfupi hauendi bila kugusana.

Adui amefunga mara mbili mfululizo kwa mpira waliokosa wakauokota wenyewe. Mara moja ni bahati ya mpira. Mara mbili ina maana wanne wako wameacha kuja kwenye rangi.

Mrefu wao anapokea, anasubiri msaada uje, kisha anapiga pasi nzuri kwa aliyeachwa wazi. Mrefu mwenye macho ya namna hiyo ni hatari kuliko mrefu mwenye nguvu. Mrudishe wa kwako acheze naye mmoja kwa mmoja, ili wengine wasilazimike kutoka kwa watu wao.

Badiliko huruhusiwa mchezo ukiwa umesimama tu, na una mapumziko 2 ya kuita katika nusu ya kwanza, 3 katika ya pili. Weka moja kwa ajili ya hili. Mrefu awe ameshavua jezi ya juu na amesimama kwenye meza ya waamuzi kabla hujaita, na mfupi akitoka, akalishwe kando yako, si mwisho wa benchi, umwonyeshe kwenye daftari ni wapi visigino vya yule mkubwa vilikuwa.